Daftari la Lugha Isiyosikika: Historia Fupi ya Kuhifadhi Lugha ya Alama kwa Video



Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Darasani huwa tunaieleza kwa mfano wa mwenye duka asiyeandika madeni ya wateja wake. Leo nakuomba tuichukue methali hiyo tuitumie kwa mali ya aina nyingine, nayo ni lugha.

Kiswahili unachojifunza kina madaftari mengi. Zipo tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zaidi ya karne mbili zilizopita. Ipo kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapwa London mwaka 1882, zipo kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939, na ipo Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1981. Ukisahau neno, unalitafuta; ukitilia shaka maana yake, unafungua ukurasa na kusoma. Lakini wapo Warundi wenzetu, hapa hapa Bujumbura, ambao lugha yao haikai kwenye karatasi. Ni viziwi, na lugha yao huzungumzwa kwa mikono, uso na mwili. Mzee wao anapofariki, alama alizozijua yeye na rika lake tu huweza kuzikwa pamoja naye, na pasiwe na kitabu cha kushuhudia kwamba ziliwahi kuwapo.

Katika makala haya nitakusimulia jinsi lugha za namna hiyo zilivyotafutiwa daftari, kuanzia filamu za mwanzo za karne ya ishirini hadi zana za mtandaoni ambazo watu wengi huchangia kwa pamoja. Nitatetea hoja moja: lugha ya alama ilipata daftari lake la kweli ilipopata picha inayotembea, lakini daftari hilo huwa na manufaa pale tu linaposhikwa na viziwi wenyewe.

Tuanze na maneno

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa Kiswahili, tuyatazame kwanza maneno tutakayoyatumia. Jina *kiziwi* lina kiambishi ki-, na wingi wake ni *viziwi*, kama vile kiti na viti. Hata hivyo hatusemi "kiziwi kimefika". Tunasema "kiziwi amefika" na "viziwi wamefika", kama tunavyosema "kijana amefika" na "viongozi wamefika". Umbo la jina linafanana na la vitu, lakini upatanisho wa sentensi unamrudisha mhusika katika ngeli ya watu. Sarufi yenyewe inatukumbusha kwamba tunamzungumzia mtu.

Neno *bubu* liepuke unapomtaja kiziwi. Viziwi wengi wana sauti, na wale wanaotumia alama wana lugha kamili. Neno hilo humtambulisha mtu kwa kitu anachodhaniwa kukosa. Kuhusu lugha yenyewe, Watanzania husema *lugha ya alama*, na katika Kenya utasikia pia *lugha ya ishara*. Maana ni ile ile.

Jambo la pili la kusahihisha ni dhana kwamba lugha ya alama ni moja ulimwenguni kote. Shirikisho la Viziwi Duniani hukadiria kwamba duniani kuna viziwi wapatao milioni 70 na lugha za alama zaidi ya 300. Kila moja ina msamiati na sarufi yake. Alama moja huundwa na umbo la mkono, mahali mkono unapowekwa, mwendo wake, uelekeo wa kiganja na mwonekano wa uso. Ukibadili kimojawapo, maana huweza kubadilika, kama vile unavyobadili sauti moja tu katika *kata* ukapata *pata* au *bata*.

Hapa ndipo ugumu wa kuandika unapoanzia. Maneno ya mdomoni hufuatana mojamoja, kwa hiyo yanaweza kupangwa kwenye mstari. Katika lugha ya alama, mkono wa kulia huweza kusema jambo moja, wa kushoto jingine, nyusi zikauliza swali, na mahali mikono inapoelekea hewani pakaonyesha nani alimtendea nani, yote hayo kwa wakati mmoja. Mchoraji anaweza kuuchora mkono na kuuongezea mishale, lakini picha iliyosimama hueleza mwendo kama vile nyayo zinavyoeleza ngoma: zinakuonyesha mguu ulipokanyaga, bali hazikuonyeshi mchezaji alivyocheza.

Hofu iliyozaa filamu

Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana katika mji wa Milan, Italia. Kati ya wajumbe 164 waliohudhuria, ni mmoja tu aliyekuwa kiziwi. Mkutano uliamua kwamba usemi wa mdomo ni bora kuliko alama, na kwamba watoto viziwi wafundishwe kusema na kusoma midomo. Baada ya hapo, shule nyingi za Ulaya na Marekani ziliiondoa lugha ya alama darasani. Walimu viziwi walipoteza kazi, na watoto wakakatazwa kutumia mikono yao kuzungumza.

Katika Marekani, mtu aliyeiona hatari hiyo kwa macho makavu alikuwa George Veditz, kiziwi aliyekiongoza Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha nchi hiyo kuanzia mwaka 1904 hadi 1910. Yeye na wenzake walihofu kwamba mabingwa wa lugha yao walikuwa wakizeeka, na kwamba kizazi kilichofuata hakingepata kuona alama zilizotolewa kwa ufasaha. Sinema ilikuwa chombo kipya wakati huo. Chama kilichangisha fedha, zikapatikana takriban dola 5,000, na kazi ya kupiga filamu za wasemaji hodari wa lugha ya alama ikaanza. Mwaka 1913 Veditz mwenyewe alisimama mbele ya kamera akatoa hotuba kwa alama juu ya umuhimu wa kuihifadhi lugha hiyo. Filamu hiyo ipo hadi leo, na mwaka 2010 iliingizwa katika orodha ya filamu ambazo taifa la Marekani limeamua kuzitunza daima.

Zingatia, msomaji, ni nani aliyefanya nini. Mjini Milan, watu wanaosikia waliamua juu ya lugha ya viziwi. Katika mradi wa filamu, viziwi walichanga fedha, wakachagua wasemaji na kuamua nini kihifadhiwe. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yote inayofuata.

Kutoka filamu hadi hazina ya video

Filamu iliihifadhi lugha, lakini bado wataalamu wengi hawakuamini kwamba alama ni lugha. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Chuo cha Gallaudet mjini Washington, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba alama zina vipande vya ndani vinavyopangwa kwa kanuni, kama sauti zinavyopangwa katika maneno. Mwaka 1965 yeye pamoja na Dorothy Casterline na Carl Croneberg, ambao wote wawili walikuwa viziwi, walitoa kamusi ya Lugha ya Alama ya Marekani. Haikupangwa kwa alfabeti ya Kiingereza, bali kwa sehemu za alama zenyewe: mahali, umbo la mkono na mwendo. Kwa mara ya kwanza, mtu aliyeona alama asiyoijua angeweza kuitafuta kwa kuanzia kwenye alama yenyewe.

Baada ya miaka mingi kamera zilipungua bei, na kompyuta ikaweza kuonyesha video. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, Uholanzi, walitengeneza programu iitwayo ELAN. Kazi yake ni rahisi kuieleza: video hukaa juu, na chini yake huwekwa mistari kadhaa ya maandishi. Mstari mmoja huandikwa mkono wa kulia unafanya nini, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu uso, wa nne tafsiri. Kila andiko hufungwa kwenye sekunde yake. Hivyo mtafiti anaweza kuuliza alama fulani imetokea mara ngapi, imetolewa na nani, na katika mazingira gani.

Kwa zana kama hizo zikaundwa hazina kubwa za mazungumzo. Uholanzi iliifungua hazina yake kwa umma kupitia intaneti mwaka 2008. Mwaka huo huo Uingereza ilianza mradi wa kuwarekodi viziwi 249 katika miji minane, wakisimulia visa, wakizungumza wawili wawili na kujibu maswali juu ya msamiati. Matokeo mojawapo yanatuhusu hata sisi tulio mbali. Watafiti waligundua kwamba vijana walitumia alama za kimaeneo, kama zile za namba na rangi, kwa uchache kuliko wazee. Kwa maneno mengine, lugha ilikuwa ikipungua aina zake mbele ya macho ya watu, na bila kumbukumbu ya video hakuna ambaye angelithibitisha jambo hilo.

Na huku kwetu Afrika Mashariki?

Historia ya lugha za alama katika eneo letu imefungamana na historia ya shule. Katika Tanzania, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Shule zilikuwa mbalimbali na wafadhili wake walikuwa tofauti, kwa hiyo alama za bweni moja hazikulingana na za bweni jingine. Usidhani watoto walisubiri kufundishwa. Mahali popote viziwi wanapokusanyika, lugha huota kama nyasi baada ya mvua. Hata shule zilizokataza alama darasani hazikuweza kuzizuia uwanjani na vitandani usiku.

Kwa upande wa Burundi, jina la kulikumbuka ni Andrew Foster. Alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1925, akapoteza usikivu akiwa na umri wa miaka 11 kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Mwaka 1954 alihitimu Gallaudet, akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada chuoni hapo. Mwaka 1957 alikwenda Ghana, na kwa miaka 30 iliyofuata alianzisha shule zaidi ya 30 za viziwi katika nchi 13 za Afrika. Burundi ni mojawapo ya nchi hizo, na mji wetu una shule ya viziwi iitwayo Ephphatha. Foster alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwezi Desemba 1987.

Foster alileta elimu mahali ambapo mtoto kiziwi alikuwa akifichwa nyumbani, na sifa hiyo haipingiki. Pamoja na elimu hiyo zilikuja alama za Marekani, ambazo katika nchi nyingi zilichanganyika na alama ambazo wenyeji walikuwa nazo tayari. Ukitaka leo kujua ipi ilitoka wapi, huwezi kufungua kitabu cha zamani; huna budi kuwauliza waliokuwapo, na kuwarekodi wakijibu.

Viziwi wa eneo letu hawakukaa kimya. Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Uganda kilianzishwa mwaka 1973. Katika miaka ya 1980 vikafuata vyama vya Tanzania na Kenya. Chama cha Tanzania kinaitwa CHAVITA, na lugha yenyewe hutajwa kwa ufupisho LAT, yaani Lugha ya Alama ya Tanzania. Katika Kenya, mradi wa utafiti wa lugha hiyo ulianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991. Kamusi zilizochapwa zikatokea: ya Kenya mwaka 1991, ya Tanzania mwaka 2004, ya Uganda mwaka 2006. Kamusi hizo zilitumia michoro au picha, pamoja na mishale na maelezo. Zilikuwa hatua kubwa, lakini zilibeba ule upungufu wa picha iliyosimama.

Sheria nazo zilikwenda mbele. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaka serikali kuendeleza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akaingia bungeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 120, inasema kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya. Tafakari jambo hilo: Kiswahili chetu kinakaa benchi moja na lugha ya alama katika katiba ya nchi jirani. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na tarehe 10 Januari 2018 ikatoa sheria yake ya kulinda haki hizo. Mkataba huo unazitaka nchi kuzitambua lugha za alama na kuhimiza matumizi yake, katika elimu na katika maisha ya umma.

Lakini sheria haiwezi kumfunza mkalimani. Hakimu akitaka kumsikiliza shahidi kiziwi, muuguzi akitaka kumweleza mama kiziwi namna ya kumpa mtoto dawa, lazima awepo mtu aliyejifunza lugha hiyo, na mtu huyo alijifunza kutokana na kitu fulani. Ikiwa kitu hicho ni karatasi chache zenye michoro, mgonjwa atalipa gharama ya upungufu huo kwa mwili wake.

Kazi ya pamoja, mtandaoni

Sasa tufike kwenye zana shirikishi. Neno *shirikishi* linatokana na kitenzi *shirikisha*, yaani kumfanya mtu awe na sehemu katika jambo. Sisi Warundi tunaijua kazi ya namna hiyo: Jumamosi asubuhi watu wa mtaa hutoka na majembe na mafagio, mmoja akazibua mtaro, mwingine akafyeka majani, na hakuna anayeweza kusema barabara ni yake peke yake. Zana shirikishi za mtandaoni hufuata desturi hiyo, ila majembe yake ni simu na kamera.

Utaratibu wake kwa kawaida ni huu. Mchangiaji huingia kwenye tovuti na kuonyeshwa neno au dhana. Hujirekodi akitoa alama moja, mbele ya ukuta usio na mapambo, mwanga ukimwangukia usoni na si mgongoni. Video hiyo ya sekunde chache hupakiwa, kisha huambatanishwa na maelezo: maana yake, mji au shule inakotumika, umbo la mkono. Mchangiaji wa pili akiwa na alama tofauti kwa dhana ile ile, hafuti ya mwenzake. Anaweka yake kando. Wengine hutazama, hukosoa na kuthibitisha.

Mifano ipo. Mjini Örebro, Sweden, ilianzishwa kamusi ya video iitwayo Spreadthesign, inayoziweka alama za nchi nyingi pamoja ili mtazamaji azilinganishe. Katika Ufaransa ipo kamusi ya video iitwayo Elix, ambayo watumiaji wake wanaweza kupendekeza alama zao. Tawi la Wikimedia nchini humo lilianzisha chombo kiitwacho Lingua Libre ili watu warekodi matamshi ya maneno ya lugha zao. Baadaye kikafungua mlango kwa video za lugha za alama. Rekodi zake huwekwa katika Wikimedia Commons, ghala la picha, sauti na video lililoanzishwa mwaka 2004, kwa leseni inayomruhusu mwalimu yeyote kuzitumia bila malipo.

Faida yake kwa mji kama wetu ni dhahiri. Kamusi ya karatasi huhitaji mchapishaji, na ikishachapwa, kosa lake hukaa miaka. Video ya mtandaoni husahihishwa leo. Rekodi zinaweza kufanyika bila intaneti, kisha zikapakiwa siku bando litakapopatikana. Mtoto aliyezaliwa kiziwi katika tarafa ya mbali, ambaye wazazi wake hawajui alama hata moja, anaweza kuona mikono ya mtu mzima aliye kama yeye.

Hata hivyo tusizidishe sifa. Video elfu moja za alama mojamoja si lugha, kama vile orodha ya maneno elfu moja isivyokufanya uweze kusimulia hadithi ya Abunuwasi. Lugha hukaa katika masimulizi, mabishano, utani na mafumbo. Kwa hiyo, kando ya kamusi, lazima yarekodiwe mazungumzo marefu, hasa ya wazee.

Somo tunaloweza kutoa sisi watu wa Kiswahili

Huenda utauliza: kwa nini kuhifadhi alama nne za dhana moja? Si bora kuchagua moja, ifundishwe shuleni, na wakalimani wote waifuate? Swali hilo ni la haki, na Kiswahili kina jibu lake.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipendekeza lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha katika nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza. Katika miaka kumi ya mwanzo ya kamati hiyo, Waafrika hawakuwamo miongoni mwa wajumbe wake. Matunda ya usanifishaji tunayala hadi leo: kitabu kimoja husomwa Lamu, Dodoma na Bujumbura. Lakini gharama yake nayo ipo. Kimvita, lahaja ya Mombasa iliyokuwa na washairi wakubwa kama Muyaka bin Haji, ilisukumwa pembeni, na wasemaji wa lahaja nyingine wakaambiwa kwamba wanakosea lugha waliyonyonya kwa mama zao. Nasi Warundi tunaijua hali hiyo, kwani Kiswahili cha Buyenzi hutazamwa na wengine kama Kiswahili kilichopinda, ingawa kimezungumzwa pale kwa vizazi vingi.

Kamusi ya karatasi ilizilazimisha lugha kuchagua, kwa sababu ukurasa una mwisho. Hazina ya video haina ufinyu huo. Inaweza kusema: hii ndiyo alama inayopendekezwa kwa vitabu vya shule, na hizi ndizo za Gitega, za Ngozi, za wazee wa Bujumbura. Usanifu na utofauti vinaweza kukaa nyumba moja. Sharti lake ni kwamba wanaochagua na kupanga wawe viziwi wenyewe, la sivyo tutarudia kosa la Milan kwa vifaa vya kisasa.

Uso haufichiki

Kuna tahadhari moja ambayo kamusi za maneno hazikuihitaji. Nikikurekodi ukitamka neno, naweza kuhifadhi sauti bila jina wala sura. Kiziwi hawezi kufichwa namna hiyo, kwa sababu uso wake ni sehemu ya sarufi yake. Ukiufunika, umekata nusu ya sentensi. Basi kila video ya lugha ya alama ni pia picha ya mtu fulani, inayoweza kunakiliwa na kusambazwa hadi asikotaka.

Kwa hiyo ridhaa ni msingi wa kazi. Aulizwe kabla, kwa lugha yake, aelezwe video itakaa wapi na nani ataiona. Awe na haki ya kukataa, na ya kuiomba iondolewe. Akisimulia habari za ugonjwa, za ndoa au za siasa, zisiwekwe hadharani kwa sababu tu zina alama adimu. Na mradi unaopata fedha usimfanye kiziwi kuwa mtoaji wa mikono huku wengine wakiwa waandishi, wahariri na wenye majina kwenye jalada. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli; lakini vidole vinavyofanya kazi pamoja hula katika sahani moja.

Wajibu wako

Huenda unadhani habari hii ni ya wataalamu. La hasha. Katiba ya nchi yetu inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya lugha yake au ulemavu wake, na katiba hutekelezwa kwanza na watu wa kawaida: mwuza duka, kondakta, mwalimu, jirani. Ukijifunza lugha ya alama, jifunze kwa kiziwi, na umlipe kama unavyomlipa mwalimu mwingine yeyote. Usibuni alama ukaipakia mtandaoni kwa kuwa inapendeza. Usimrekodi kiziwi sokoni kwa siri ili uwachekeshe marafiki. Ukiwa na simu nzuri na muda, jitolee kushika kamera, na kumwachia yeye uamuzi wa nini kirekodiwe.

Tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe 23 Septemba, siku lilipoanzishwa Shirikisho la Viziwi Duniani mjini Roma mwaka 1951, ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Anayeipenda lugha yake kwa dhati hapaswi kuona taabu kuziweka siku zote mbili katika kalenda moja.

Kazi ya kufanya: tuseme umepewa saa moja ya kurekodi, kamera moja, na mzee mmoja kiziwi aliyekubali kuzungumza kupitia mkalimani. Andika aya mbili kwa Kiswahili sanifu. Katika ya kwanza, eleza maswali utakayomuuliza. Katika ya pili, eleza ni maamuzi gani utamwachia yeye, na kwa sababu gani. Hakikisha upatanisho wako wa *kiziwi* na *viziwi* ni sahihi.